Ndege ya Moja kwa Moja Si ya Kuringa

Kuna msee aliniandikia akiniuliza, "Wewe kila mara uko kwa ndege ya India, kwani unauza nini?" Siuzi kitu. Kwa miaka mitatu nimeenda Mumbai mara sita na kurudi mara sita, na pointi zilizo kwa akaunti yangu ya shirika la ndege ni nyingi kuliko za maboss wengi mnaowaona wakijipiga picha wakisubiri ndege. Nimezipata kwa sababu ya figo za mathe.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu ya kitu ambacho hutokea karibu kila harambee ya matibabu ya India. Watu wanachanga, Paybill inasonga, maombi yanatumwa. Halafu siku moja mtu kwa kundi la WhatsApp anauliza tiketi ni pesa ngapi, na hapo ndipo moto unawaka. Kwetu ilikuwa jamaa wa upande wa babangu. Aliandika, "Kuna ndege ya kupitia Dubai bei poa. Mnaenda matibabu ama mnaenda kujibamba?" Watu kumi na moja wakaweka kidole gumba. Niliwahesabu.

Hesabu yake ya pesa haikuwa mbaya, lazima niseme ukweli. Tulikuwa watu watatu: mathe, anko aliyekuwa anatoa figo, na mimi. Ukijumlisha tofauti ya tiketi tatu, hiyo ni pesa ya maana kwa familia inayochangisha. Shida ni kwamba alihesabu pesa pekee, na mgonjwa wa figo anaishi kwa hesabu ya masaa.

Mtu wa dialisisi damu yake husafishwa kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki. Kati ya siku hizo, maji na uchafu vinajikusanya tu mwilini, kwa sababu figo hazifanyi kazi. Kwa hivyo safari unaibana katikati: anasafishwa leo Nairobi, kesho mnapaa, na hospitali ya upande ule inawangoja. Nairobi mpaka Mumbai ni kama kilomita 4,500, masaa sita hivi bila kutua popote. Ukipitia Dubai ni kama masaa matano, mshuke, mngoje, halafu mengine matatu. Na hapo kwa kungoja ndipo pesa inapookolewa, kwa sababu mara nyingi tiketi ya bei poa ndiyo yenye kungoja kurefu. Ndege ya kwanza ikichelewa mkose ya pili, mko nchi ya watu na mgonjwa ambaye saa yake inaendelea kuhesabu.

Halafu kuna kiu. Hii haiko kwa video za watu wa safari. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, midomo inapasuka. Kila mtu anakushauri unywe maji, usimame, unyooshe miguu, ndio damu isigande. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda huongezeka karibu maradufu ukikaa safarini masaa manne au zaidi bila kujisongesha. Sawa. Lakini mathe alikuwa ameruhusiwa maji kidogo sana kwa siku, supu na chai zikihesabiwa humo humo. Mhudumu anapita na trei, anatabasamu, "Maji, mama?" Mathe anatingisha kichwa. Nusu saa baadaye anapita tena. Mara ya nne mathe akaomba kipande kimoja cha barafu, akakiweka kwa ulimi, akafunga macho kama mtu anayesali. Nilikuwa na chupa yangu kwa mfuko wa kiti cha mbele na sikuigusa mpaka tuliposhuka.

Sasa niambie kuhusu masaa mengine manane ya hiyo hali ndio tuokoe pesa.

Ukiwa umepanda hii ndege mara kadhaa, unaanza kuwajua watu wake. Kuna wafanyabiashara, kuna wanafunzi, kuna familia za Wahindi wa Parklands wanaoenda harusi. Na kuna sisi. Sisi unatutambua kwa zile bahasha kubwa za picha za eksirei tusizokubali kuziweka juu, tunazishika mapajani safari nzima. Barakoa. Sweta hata kama kuna joto. Safari yetu ya kwanza nilikaa kando ya mzee mmoja wa Meru aliyekuwa anampeleka mkewe mara ya tano. Alinifunza kuliko mtandao wote. Dawa zote kwa begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari, hata siku moja usiziweke kwa sanduku. Kiti cha magurudumu uombe siku ya kununua tiketi, usingoje mpaka ufike kaunta. Kadi ya homa ya manjano iwe na zaidi ya siku 10 tangu sindano, kwa sababu India wanaiangalia, na ukikosa wanaweza kukuweka karantini. Na shirika la ndege lina fomu ya mgonjwa ambayo daktari hujaza. Watu huiogopa wakidhani watakataliwa, wanaificha hali ya mgonjwa, halafu shida inaanzia juu ya bahari ambako hakuna pa kutua haraka.

Hiyo ya viti vya magurudumu inanikumbusha kitu. Kuna vichekesho vingi mtandaoni vya ndege za India: ati wazee hamsini wanapandishwa kwa viti, ndege ikitua wote wanatembea, muujiza. Nilicheka pia, mpaka nikaongea na kijana mmoja wa Mumbai tuliyekuwa tunangoja naye hospitalini. Dadake anaishi California. Wazazi wao walikuwa wakienda kumwona kwa ndege ya moja kwa moja mpaka San Francisco, zaidi ya masaa 15 hewani. Mama yao hajui Kiingereza. Miguu yake iko sawa, lakini kiti kinamaanisha kuna mtu wa kumpitisha uhamiaji na kumfikisha mlangoni. Na walikuwa wakilipa zaidi kwa ndege isiyotua kwa sababu hiyo hiyo, asipotee kwa uwanja wa nchi ya tatu.

Hata hiyo raha si ya uhakika. Pakistan ilipofungia ndege za India anga yake mwaka 2025, Air India ilibidi izunguke, na baadhi ya safari zake za Marekani zikaanza kutua Vienna kuongeza mafuta. Umelipia kwenda bila kutua, unajipata umetua.

Kurudi ndiko hakuzungumzwi. Oktoba 2025 Kenya nzima ilikaa kwa simu ikifuatilia ndege ya Kenya Airways iliyokuwa inamleta Raila Odinga kutoka Mumbai. Tuliona ikipewa jina RAO001, tuliona kale kamchoro kadogo kakivuka bahari polepole. Watu walilia wakiangalia ramani. Mathe alikaa na simu yangu asubuhi hiyo bila kusema kitu, na nilijua anafikiria nini, kwa sababu njia ile tunaijua. Mke wa yule mzee wa Meru alirudi nayo pia, mwezi wa tatu baada ya sisi kukutana. Alikuwa chini, kwa mizigo. Mzee alikuwa juu na kiti kitupu kando yake. Alinipigia akiwa amefika, akaniambia tu, "Tumerudi wote."

Mathe alirudi akiwa na figo ya anko, na inafanya kazi. Siku hizi anaruhusiwa maji mpaka anachoka. Kwa safari za kukaguliwa, simu yangu inalia alamu mara mbili kwa siku, kwa sababu dawa za kuzuia mwili usiikatae figo lazima zimezwe kila masaa 12. India wako mbele yetu masaa mawili na nusu, kwa hivyo mpaka tufike hotelini alamu inabaki saa za Nairobi. Abiria wa karibu hununa. Wanune.

Tiketi za mwezi wa pili tumeshalipia, moja kwa moja, na safari hii hatukuweka bei kwa kundi. Mathe anataka kiti cha dirishani aone bahari. Nimemwambia ni usiku, hakuna bahari ya kuona, na miguu yake inahitaji kiti cha kando ya njia. Bado tunabishana.