Michakato ya Chinichini: Kutoka Namba hadi Ulezi

Katika Linux, mchakato ni programu iliyo kazini, na mchakato wa chinichini ni ule unaoendelea bila kuishika temino, yaani dirisha la kuandikia amri, ili mtumiaji apate kuendelea na shughuli nyingine. Kuuanzisha ni jambo jepesi, kwa kuwa tangu Unix ya miaka ya 1970 alama ya & mwishoni mwa amri imetosha; kilichobadilika, tangu mwandishi wa kumbukumbu hii alipojifunza kazi hiyo Mwiki, upande wa Ruiru, ni namna ya kujua kama mchakato huo bado u hai.

Kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, aliyeingia katika seva ya mbali kwa laini ya simu alizoea kukatikiwa, na laini ilipokatika, michakato aliyoianzisha ilipelekewa SIGHUP, ishara ambayo kwa kawaida humaliza mchakato unaoipokea. Kwa hiyo kazi ndefu ilitangulizwa amri ya nohup, inayoufanya mchakato uipuuze ishara hiyo.

Kuutambua baadaye kulihitaji hadhari. Orodha ya michakato itolewayo na amri ya ps ilipochujwa kwa amri ya grep, grep yenyewe ilijitokeza katika matokeo, hata mchakato uliokufa ukaonekana upo. Wengine waliandika namba ya mchakato katika faili, kisha wakaiuliza kwa kill -0, amri ambayo licha ya jina lake haiui chochote, bali huangalia tu kama namba hiyo ina mwenyewe. Stima ilipopotea ghafla, faili lilisalia kwenye diski, na kompyuta ilipowashwa tena namba ileile iliweza kupewa mchakato mwingine, kwa sababu namba hutumiwa upya. Waliokuwa makini wakahamia kufuli la flock, ambalo keneli, yaani kiini cha mfumo, huliachilia yenyewe mwenye kulishika anapokufa.

Chanzo cha taabu hiyo kilikuwa desturi ya waandishi wa programu wenyewe. Keneli humwarifu mzazi kila mwanawe anapokufa, lakini programu za chinichini zilizoea kuzaa mwana kisha mzazi akajimaliza, ili mwana abaki yatima chini ya init, mchakato wenye namba 1, ambao ulimzika bila kumwarifu mwanaprogramu. systemd, mrithi wa init huyo, iliyotokea mwaka 2010 na kuwa chaguo la kawaida la Debian na Ubuntu mwaka 2015, iliacha njia hiyo: huanzisha huduma yenyewe, huiweka pamoja na wanawe wote katika kundi la keneli liitwalo cgroup, na huianzisha upya ikianguka, endapo imeagizwa hivyo. Programu ya leo, kwa hiyo, haina haja ya kujificha. Huandikwa kama ya mbele ya macho, na anayetaka habari zake huuliza kwa amri ya systemctl status, maana aliyeizaa ndiye anayeilea.