Ngazi ya Maji

Maji hayapandi mlima, wasema wahenga. Hata kushuka kwake kuna mahali humshinda nahodha. Katika Mto Potomac, jimboni Virginia nchini Marekani, mahali hapo huitwa Great Falls. Leo ni hifadhi ya taifa. Watu huenda kutembea, kula chini ya miti na kuyatazama maporomoko yakivunjika juu ya majabali kwa mshindo usiokoma.

Mgeni akiyapa maporomoko kisogo na kushika njia ya msituni, huukuta mfereji wa kale, majani makavu yametanda ndani yake. Urefu wake ni kiasi cha maili moja. Kampuni iliyouchimba iliundwa mwaka 1785, na rais wake wa kwanza akawa George Washington. Mfereji ulikamilika 1802; yeye alikwisha kufariki 1799.

Hii ndiyo ngazi waliyojengewa mabaharia wa mtoni. Vyumba vitano vya maji, kila kimoja na milango yake, viliteremsha mashua kiasi cha futi 76. Chombo kiliingia, mlango ukafungwa nyuma yake, maji yakapunguzwa taratibu, nacho kikashuka nayo kama mtoto aliyepakatwa. Unga, tumbaku, pombe na chuma vikaelekea Georgetown. Huko chini, karibu na mto, njia ya mashua ilipasuliwa kwa baruti ndani ya jabali.

Waliotenda kazi hiyo walikuwa vibarua wa ujira, watumishi waliofungwa kwa mikataba, na watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Mtumwa alitoa jasho, bwana akapokea malipo. Katika mawe ya kuta zingalipo alama walizochonga waashi, ili kila mmoja ajulikane kwa kazi yake. Mtumwa hakuwa na alama.

Faida nayo haikudumu. Mara mto ulikauka, mara ulifurika. Miezi ya kusafiri ikawa michache, madeni yakawa mengi, na mwaka 1828 kampuni ikafikia kikomo.

Jina la Washington limo vitabuni, na alama za waashi zimo ukutani. Waliokodishwa hawakuacha ila kazi yenyewe: ule mpasuko jabalini, ambao mgeni hupita kati yake akishika ukuta kwa kiganja, ubaridi wa jiwe ukimwingia mkononi.