Wosia kwa Vijana wa Maegesho ya Ndege Ndogo

Wanangu,

Mwisho wa mwezi huu mzee wenu narudi Tanga, nikiwaachia kabari, kamba na kelele zote za maegesho. Mengi mmeshayaona kwa macho yenu, siwezi kuyarudia. Liko moja ambalo naliona linalegea mwaka hadi mwaka: injini ikishazimwa na abiria wakishashuka, ndege iko mikononi mwa nani?

Mwulizeni rubani, atasema ni ya kampuni. Kampuni itasema imelipia maegesho, basi uwanja uitunze. Uwanja utasema umetoa sakafu tu. Fundi naye atasema hakuandikiwa kazi yoyote. Kila mmoja ana hoja yake, na upepo hausikilizi hoja.

Sheria isomeni wenyewe, msihadithiwe. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinamkabidhi rubani kiongozi usalama wa ndege tangu inapokuwa tayari kuondoka mpaka inaposimama mwisho wa safari na injini kuzimwa. Inapozimwa injini, zamu yake hiyo imekwisha. Kuanzia hapo mzigo ni wa mwendeshaji, yaani kampuni yenye kuirusha ndege, lakini kampuni haina mikono. Mikono ni yenu. Kampuni isipomtaja mtu kwa jina, ndege inalala bila mwenyewe.

Niliwahi kuona kwenye uwanja mmoja wa bara ndege ya injini moja imepinduliwa na kisulisuli mchana kweupe, bawa limevunjika na mkia unatazama mbinguni. Mtu wa bima alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa: nani aliifunga? Walikuwapo watu wanne. Wote walitazamana.

Msione ajabu kupinduliwa huko. Cessna 172 tupu haifiki kilo 800, na bawa lake halijui kama upepo unaolipuliza umetokana na mwendo wa ndege au umetoka baharini. Ndege hiyo huanza kubebwa na hewa kwenye mwendo wa kilomita themanini na kitu kwa saa. Upepo wa mvua ukifika hapo, bawa litafanya kazi yake hata kama ndani hamna mtu. Na nguvu hiyo haipandi polepole: upepo ukiongezeka mara mbili, mnyanyuo unakuwa mara nne. Kuna pia upepo wa kutengenezwa na watu. Jeti likigeuka mbele ya ndege ndogo isiyofungwa, hakuna kusi wala kaskazi atakayelaumiwa.

Kwa hiyo pua ielekee upepo unakotoka, kabari ziwe mbele na nyuma ya magurudumu, na breki ya maegesho msiitegemee usiku kucha. Joto likibadilika, shinikizo la mafuta ya breki nalo linabadilika. Kamba zipite kwenye pete za kufungia zilizo chini ya mabawa na mkiani, kamwe zisizungushwe kwenye nguzo ya bawa. Mimi ni mtoto wa mashamba ya mkonge na bado nawaambia tumieni nailoni. Kamba ya mkonge ikilowa husinyaa, ikalivuta bawa usiku mzima. Ikikaa juani na unyevuni huoza kwa ndani huku nje inang'aa. Na nahodha hawezi kusifiwa kwa kamba nzuri kama nanga yake haikushika: kigingi kinachong'oka kwa mkono hakijafunga kitu.

Kwenye ndege ya Caravan fungeni pia pangaboi. Injini ile ikiwa imezimwa, upepo unaweza kuzungusha pangaboi bila mafuta ya kulainisha kufika panapotakiwa.

Kimbunga kikitangazwa, kama Hidaya kilivyotangazwa kuelekea Mafia Mei 2024, kamba si jibu la kwanza. Ndege nzima yenye rubani na mafuta iondoke mapema. Anayebaki kufunga ndege kimbunga kikiwa mlangoni anahatarisha roho yake kwa bati.

Sasa nakuja kwenye lile linaloninyima usingizi zaidi kuliko upepo. Kila mnachoifungia au kuifunikia ndege, kuna mtu lazima akiondoe. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, baada ya kukaa chini wiki kadhaa. Mirija ya pito, ile inayopima mwendo, haikuwa imefunikwa muda wote. Mmoja ukaziba, na wachunguzi waliwashuku nyigu. Kapteni akasomewa mwendo wa uongo, na watu wote 189 wakafa. Mtasema basi tufunike daima. Brisbane, Australia, walifunika, maana nyigu wao wanajulikana. Tarehe 18 Julai 2018 Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliruka na vifuniko vyake. Watu kadhaa walikuwa wameizunguka kabla haijaondoka na hakuna aliyeviona. Ile ilirudi salama. Boeing 757 ya Aeroperú haikurudi: Oktoba 1996, mjini Lima, waliosafisha ndege walisahau utepe juu ya matundu ya kupimia hewa, na watu 70 wakapotea baharini.

Hata ile karatasi ya ukaguzi mnayoilalamikia ilizaliwa hivyo. Mwaka 1935 Boeing Model 299 ilianguka Marekani kwa sababu kufuli ya usukani wa mkia, iliyowekwa ili upepo usiutikise, haikuondolewa kabla ya kuruka. Marubani wakaanza kutumia orodha ya kusoma.

Kwa hiyo kifuniko kiwe na utepe mwekundu mrefu unaopepea, na kihesabiwe. Vikitoka vitano stoo, virudi vitano kabla pangaboi halijazunguka. Aliyeviweka ndiye anayeandikwa, na aliyevitoa naye anaandikwa.

Mengine nayataja tu. Msiache mlango wazi. Kwenye viwanja vya mbugani zungusheni miiba kwenye magurudumu, fisi hutafuna matairi. Ndani ya boneti angalieni viota kila asubuhi, hata kama ndege imelala usiku mmoja.

Kuna watakaowacheka kwa kuandika jina kwa ajili ya kamba tatu. Waacheni wacheke. Kwa maoni yangu uzembe mwingi wa maegesho hautoki kwa wavivu. Unatoka kwa watu wachapakazi wanne, kila mmoja akiamini mwenzake amekwisha kufanya. Mvivu unamjua na unamfuata nyuma. Hao wanne hakuna anayewafuata.

Nimemwomba msimamizi aongeze safu mbili kwenye kitabu cha makabidhiano: "Aliyefunga" na "Aliyefungua". Amekubali. Naombeni safu hizo zisijazwe kwa jina la kampuni, wala "zamu ya usiku", wala alama ya vema. Zijazwe jina la mtu mmoja, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amesimama kando ya ndege.

Mzee wenu.