Valencia: Mto ulihamishwa, watoto wakapata kivuli

Katika mji wa Valencia, Hispania, watoto hucheza ndani ya mto usio na maji. Wanaendesha baiskeli, wanapiga mpira na kukimbizana pale ambapo zamani mto Turia ulipita kuelekea Bahari ya Mediterania. Juu yao yapo madaraja ya mawe ya karne nyingi. Bado yanavusha watu, ingawa chini yake sasa ni misonobari, mitende na michungwa.

Bustani ya Turia ina urefu wa kilomita 9 hivi na kuingia ni bure. Kwa familia yenye watoto, hasa Julai na Agosti shule zikiwa zimefungwa, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi mjini humo.

Chanzo chake ni msiba. Oktoba 14, 1957 mto ulifurika ukaingia mjini, na watu zaidi ya 80 wakafa. Serikali iliamua kuuhamisha. Mkondo mpya ulichimbwa kusini mwa mji, na ule wa zamani ukabaki mkavu. Mpango uliofuata ulikuwa kujenga humo barabara kuu ya magari.

Wakazi walikataa. Katika miaka ya 1970 walidai kwamba mkondo ule ni wao na wanautaka uwe wa kijani. Mwaka 1976 ardhi ilikabidhiwa kwa mji, na mwaka 1986 bustani ikaanza kupokea watu.

Sehemu ambayo watoto huililia zaidi ni Gulliver. Ni sanamu ya jitu lililolala chali, lenye urefu wa mita 70, limefungwa kamba kama katika hadithi ya Jonathan Swift. Mikunjo ya nguo zake ndiyo ngazi na sehemu za kuserereka. Hapo pia hakuna kiingilio.

Upande wa magharibi kuna Bioparc, hifadhi yenye tembo, twiga na wanyama wengine wa Afrika. Upande wa mashariki yapo majengo meupe ya Jiji la Sanaa na Sayansi, mengi yakiwa kazi ya Santiago Calatrava, mzaliwa wa Valencia. Kuingia ndani ya maeneo hayo hulipiwa, lakini kutembea nje ya majengo hayo meupe ni bure.

Saa za kwenda

Kiangazi cha Valencia si cha kuchezea. Agosti 10, 2023 kipimajoto cha uwanja wa ndege kilifika nyuzi 46.8. Hata siku za kawaida joto huzunguka nyuzi 30, na unyevu wa bahari hulifanya lionekane kubwa zaidi. Wenyeji hukwepa mchana. Hutoka asubuhi, hurudi ndani wakati jua ni kali, kisha hutoka tena jioni. Mwezi Julai jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo watoto bado wana muda wa kutosha kucheza.

Mzazi aliyezoea joto la Dar es Salaam au Mombasa asidhani mwanawe hadhuriki. Mtoto akinogewa na mchezo husahau kiu, kwa hiyo maji apewe kabla hajaomba. Kofia pana na nguo nyepesi husaidia. Sehemu ya kuserereka iliyopigwa na jua iguswe kwanza kwa mkono, kwani inaweza kumuunguza mapaja. Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, apelekwe kivulini, apewe maji kidogo kidogo na afutwe kwa kitambaa chenye maji. Akichanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura ya hospitali.

Maji hayasahau njia

Valencia ina somo la pili, na ni chungu. Oktoba 29, 2024 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 mkoani humo. Mkondo mpya uliikinga katikati ya mji, pamoja na bustani. Lakini miji iliyo kusini mwa mkondo huo, kama Paiporta, ilizama kwenye tope. Maji yaliyotoka milimani yalipita kwenye makorongo yaliyozungukwa na nyumba.

Kwa mzazi wa Dar es Salaam habari hiyo si ngeni. Mto Msimbazi hufurika mara kwa mara, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi za Jangwani zilihamishiwa Mabwepande. Sasa upo mradi wa kuliendeleza bonde hilo, unaosaidiwa na Benki ya Dunia, na ndani yake imepangwa bustani ya jiji. Wazo ni kwamba maji yakija yapate pa kutandaa, na yakikauka watu wapate pa kupumzika.

Bustani ya namna hiyo huhitaji wazazi wanaouliza mapema: miti itapandwa wapi, maji ya kunywa yatakuwepo, kiingilio kitakuwa kiasi gani? Wakazi wa Valencia waliuliza kabla lami haijamwagwa. Mti nao una haraka yake: ukipandwa mtoto anapozaliwa, kivuli chake kitamfaa akianza shule.