Jasho Langu na Taa ya Baba

Nyumbani Lushoto watu husema nimefika seminarini kwa jasho langu. Ni kweli nilisoma. Lakini baba ni mwalimu. Tulikuwa na taa, kamusi na mtu wa kunisahihisha Kiingereza. Mwenzangu aliyenishinda hesabu alikuwa akibeba viazi hadi barabarani kabla ya kengele ya shule. Mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne, tunashukuru. Ila aliyesoma msingi kwa Kiswahili bado anafanya mitihani ya sekondari kwa Kiingereza. Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba walichonacho walipewa, basi wasijivune (1Kor 4:7). Ndugu zangu, likizo hii tukae na watoto wa kidato cha kwanza parokiani, japo saa moja baada ya Misa, tuwafundishe.