Vibao vya Njia ya Kilifi na Malindi

Msafiri avukaye daraja la Kilifi, lililoshika kazi ya pantoni tangu mwaka 1991, ana mwendo wa kilomita 60 hivi kufika Malindi. Wengi hutazama minazi na mikorosho, wakasahau kitu kilichosimama kando ya njia yote, nacho ni maandishi. Vibao vya maduka, vya shule, vya misikiti na makanisa, vya mashamba, vyote vyamsemesha mpita njia. Yafaa tujiulize: vyasema na nani, na je, aambiwaye aelewa?

Mtu asidhani kuwa desturi hii ni ya juzi. Huko Mnarani, upande wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi, magofu ya msikiti mkubwa yana herufi za Kiarabu zilizochongwa katika mawe ya matumbawe. Mafundi wale walizipamba mno hata hazisomeki kwa wepesi. Gede liko kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 kwa hesabu ya miladi, na nambari hiyo imewasaidia wataalamu kupima umri wa mji ule wa kale. Malindi yenyewe ina nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika pale mwaka 1498. Msalaba wake una ngao ya mfalme wa Ureno, alama waliyoijua mabaharia wenziwe kuliko wenyeji waliowekewa.

Tukiingia mitaani, twakuta vibao vya siku zetu. Kinyozi amechorewa vichwa vyenye nywele zilizokatwa vizuri, na mkahawa umechorewa kikombe kitokacho moshi. Hata asiyejua kusoma hapotei. Fundi wa kuandika vibao hupaka ubao rangi ya chini, akavuta uzi wenye chaki apate mistari iliyonyooka, akaandika kwa penseli, ndipo atie brashi. Mwisho huzipa herufi kivuli cha upande mmoja, zikawa kama zimeinuka, zikaonekana kwa mbali. Aliye stadi huhesabu herufi kabla hajaanza. Asiyehesabu hukuta neno la mwisho limebanana ukingoni kama abiria wa matatu siku ya sikukuu.

Siku hizi mabango mengi huchapwa kwa mashine juu ya plastiki. Herufi zake ni sawasawa na kazi yake ni ya haraka, lakini jua la pwani huyafifisha, na lililofifia hutupwa. Kibao cha ubao, fundi hukirudia kwa brashi palepale.

Rangi nayo ina maana yake. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtu aonapo kijani mlangoni mwa duka hujua kuwa hapo atapata fedha zake. Matatu nazo, tangu mwaka 2004, zalazimishwa na sheria kuwa na mstari wa manjano ubavuni, wenye kuandikwa njia zipitamo. Hivyo mkulima atokaye shambani hujua gari lake kabla halijasimama.

Jambo lenye uzito zaidi ni lugha. Mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini, katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Watu wao wengi wakaipenda pwani hii, wakafungua mikahawa yenye majina ya Kiitaliano. Hapo hapana ubaya, kwani mwenye duka humwita mnunuzi wake kwa lugha yake. Katika lango la nyumba husomwa "Mbwa kali". Wajuzi wa sarufi watasema ni "mbwa mkali", na kweli ndivyo. Lakini kibao kile hufanya kazi yake, maana kila mtu husimama nje akapiga hodi.

Kuna kibao kingine ambacho msafiri hukiona penye kiwanja kilicho wazi au juu ya ukuta, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: "Shamba hili haliuzwi". Mwenyewe ameandika hivyo kwa kuogopa walaghai wauzao ardhi ya wengine. Hofu hiyo ina historia ndefu pwani. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayapeleke yakaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Kifalme. Wamijikenda wengi, ambao mashamba yao yalijulikana kwa ukoo wala si kwa karatasi, hawakupeleka madai, na wengi katika wazao wao wakaitwa maskwota katika nchi ya babu zao.

Hata leo, mahali ambapo haki za ardhi zakaguliwa kwa sheria, orodha ikishakamilika tangazo hutolewa, na mwenye pingamizi ana siku 60 tu za kuileta. Tangazo kama hilo likiwa kwa Kiingereza cha mahakamani, kwa herufi ndogo, lampita mzee wa Ganze kama vile halikuandikwa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Yafaa basi kila ofisi ibandikayo tangazo iliandike kwa Kiswahili pia, kwa herufi kubwa, mahali penye kivuli ambapo mtu aweza kusimama akalisoma hata mwisho.

Nasi tuliojaliwa kusoma, makarani na wakulima, tuna wajibu wetu. Tupitapo penye tangazo jipya kwa chifu, tusilitupie jicho tukaenda zetu. Tulisome lote, tutazame tarehe yake, na jioni tuwaeleze jirani ambao hawakupata nafasi ya kwenda shule.