Kutoka Kata hadi Nyota Tano

Kwa shangazi yangu, kule Marangu, Kilimanjaro, mbege haikunywewa kabla haijahukumiwa. Mwenyewe alionja kwanza mbele za watu, kisha kata ikaenda kwa mzee mmoja ambaye kijiji kizima kilijua ulimi wake hauna haya. Alinusa, akapiga funda, akakaa nalo kinywani, wengine wakimsubiri. Halafu alisema neno lake. Msesewe umezidi. Au: leo ulezi ni mchache. Au lile ambalo shangazi alilichukia kuliko yote: "Mama, hii umeiharakisha."

Asiyeijua mbege aelewe kwamba haina njia ya mkato. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichache. Maji yake huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu wake hutoka kwenye magome ya msesewe. Ikilala usiku mmoja inakuwa tamu bado, ikizidi kukaa inakuwa kali. Mzee akisema imeharakishwa, shangazi alijua ni hatua gani imerukwa. Alinuna, lakini pombe ya wiki iliyofuata ilikuwa na marekebisho.

Nilifika Chicago mwishoni mwa miaka ya 1990 nikijua bia za aina mbili: ya baridi na ya moto. Wenzangu wa huko walikuwa katikati ya vuguvugu. Rais Carter alikuwa ametia saini mwaka 1978 sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani bila kuitolea kodi, na wengi walioanza na sufuria kwenye gereji zao walikuja kufungua viwanda vidogo. Goose Island walikuwa na baa yao mtaa wa Clybourn tangu 1988, bia ikipikwa humo humo. Mji ulikuwa na nyingine kama hiyo, na katika mojawapo niliwekewa mbele yangu ubao wenye glasi ndogo ndogo, kila moja na rangi yake.

Ile ya ngano, ya mtindo wa Kijerumani, ndiyo iliyonishika. Nilinusa ndizi mbivu kabisa, na nyuma ya ndizi karafuu. Nikamwuliza mhudumu wametia ndizi ngapi. Alicheka: hakuna ndizi wala karafuu, hiyo ni kazi ya hamira peke yake. Sikumwamini mpaka niliposoma. Iliyofuata ilikuwa chungu kwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na rafiki yangu, mzaliwa wa mji ule, alikunja uso. Mimi niliimaliza. Aliyelelewa na msesewe hatishwi na hopsi.

Rafiki huyo huyo ndiye aliyenipeleka kwa wapika bia wa nyumbani waliokuwa wakishindanisha bia zao. Nilianza kwa kubeba glasi, baadaye nikapewa kalamu. Fomu yao ilitokana na utaratibu wa waamuzi ulioanzishwa mwaka 1985, na jumla yake ni alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi bia inavyokaa mdomoni 5, na 10 za hisia ya jumla. Napenda sana hizo tatu za mwonekano. Bia yenye sura nzuri inapewa haki yake, na haki yenyewe ni ndogo.

Lakini uzito wa fomu ulikuwa kwenye mistari mitupu iliyotaka maneno. Bia ikinuka mahindi ya kuchemsha, ilibidi uandike hivyo, na uandike kwamba ni kasoro: pengine mpishi alifunika sufuria wakati wa kuchemsha, mvuke ukakosa pa kutokea. (Kwa mtu wa kwetu, kuambiwa harufu ya mahindi ya kuchemsha ni kasoro kunahitaji moyo.) Ikinuka siagi, au tofaa bichi, mara nyingi imetolewa kabla hamira haijamaliza kazi yake. Nilipofundishwa hilo nilibaki namkumbuka yule mzee. Siagi na tofaa hakuwa nazo, ila kosa lilikuwa lile lile na hukumu ile ile. Imeharakishwa.

Kisha simu zikaingia. Mwaka 2010 ilikuja programu ya Untappd, na taratibu meza zetu zikabadilika. Unapiga picha, unagusa nyota, mwisho tano, unapata beji. Maneno si lazima. Sisemi kila kitu kiliharibika: mpishi wa kiwanda kisichojulikana aliweza kupata wanywaji bila senti ya tangazo. Ila niliona jambo moja likijirudia. Juu ya orodha zilipanda bia nyeusi, nzito, zilizolazwa kwenye mapipa ya wiski, na bia nyepesi iliyopikwa kwa ustadi mkubwa ilibaki chini. Sababu si siri. Anayeonja funda moja moja kati ya bia kumi, ulimi wake huchoka, na inayopiga kelele ndiyo inayosikika. Bia ya kunywa glasi nzima ukizungumza na watu haishindi mchezo wa aina hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bia ngumu zaidi kupika, kwa sababu haina pa kuficha kasoro.

Pesa nazo zilisogea. Mwaka 2011 Goose Island ilinunuliwa na kampuni kubwa ya bia, Anheuser-Busch, kwa dola milioni 38.8, na niliwaona watu wakishusha nyota za bia waliyoisifu juzi, bila kuionja upya. RateBeer, daftari kubwa la mtandaoni la waonjaji lililoanza mwaka 2000, nalo liliishia mikononi mwa AB InBev, kampuni mama ya Anheuser-Busch, mwaka 2019. Februari 2025 likafungwa. Humo watu walikuwa bado wanaandika aya nzima kuhusu glasi moja.

Siku hizi nikiwa na vijana wanaotaka kujifunza kuonja, nawanyima simu kwanza. Iache bia ipungue baridi, kwa maana ubaridi mkali hufunga harufu. Nusa kabla ya kunywa. Andika unachokipata kwa maneno ya nyumbani kwako, kisha ukitaka namba, weka namba.

Mwongozo wa mitindo ya bia wanaoutumia waamuzi wa ile fomu ya alama 50, toleo la 2021, una ukurasa wa sahti, bia ya kienyeji ya Ufini inayosifiwa kwa harufu ya ndizi. Mbege, yenye ndizi zenyewe, haimo. Wafini waliandika habari za bia yao. Wewe uliye Kilimanjaro, na mama yako au shangazi yako bado anapika, kaa naye siku moja na daftari. Muulize ndizi zikae siku ngapi, msesewe kiasi gani, na mbege iliyoharakishwa anaijuaje. Yaandike anavyoyasema yeye.